Sensa Yenye Kigugumizi

Kwa muda wa miezi miwili gari langu limekuwa likinifanya niinamie usukani mbele za watu kama mtu anayeomba radhi. Nikikanyaga mafuta taratibu linasita, nikiongeza kidogo linaruka kama mbuzi aliyemwagiwa maji, na nikiachia ili nisimame, mzunguko wa injini unapanda na kushuka hadi linazimika katikati ya makutano, huku walio nyuma wakinipigia honi kana kwamba nimekusudia. Nikilifikisha kwa fundi, linanguruma vizuri kama mgonjwa anayepona ghafla mlangoni mwa daktari.

Fundi wa kwanza alifumba macho, akasikiliza, akatamka: plagi. Nikanunua plagi. Wa pili alisema pampu ya mafuta, nikanunua pampu. Wa tatu alilaumu giaboksi kwa sababu gia zilikuwa zikibadilika kwa kushtuka, na huyo, kwa haki, alipita karibu na ukweli bila kuusalimia, kwani gia za otomatiki nazo hutegemea taarifa za sensa iliyokuja kugundulika kuwa mkosaji, ile inayopima uwazi wa kilango cha hewa, yaani kile kinachofunguka nikikanyaga mafuta. Jirani yangu, ambaye hajawahi kumiliki hata baiskeli, alishauri niuze.

Nilipochoka niliazima mashine ya kusomea misimbo ya hitilafu inayotunzwa na kompyuta ya gari, ikanipa P0121, msimbo wa sensa hiyo hiyo. Wenzangu wanaopata P0122 huambiwa waziwazi kwamba volti ya sensa iko chini mno, na wa P0123 kwamba iko juu mno. Mimi nililetewa umbea tu, kwamba maneno ya sensa hayalingani na mambo mengine ambayo kompyuta inayaona.

Sensa yenyewe ni kidude kinachokaa kwenye ncha ya mhimili wa kilango cha hewa. Kina waya tatu: mmoja huleta volti 5, wa pili ni wa ethi, na wa tatu hupeleka habari kwa kompyuta, kiasi cha volti 0.5 kilango kikiwa kimefungwa na kama 4.5 kikiwa wazi kabisa. Ndani yake kijiti kinasugua utepe wa kaboni siku nzima, na kompyuta huutumia ushahidi huo, pamoja na wa sensa nyingine, kupanga mafuta ya kunyunyiza.

Basi nikafungua swichi bila kuwasha injini, nikapima. Volti 5 zilikuwapo na ethi ilikuwa nzima. Nikazitikisa waya na soketi, maana kutu kidogo tu hapo huweza kumsingizia sensa asiye na hatia, lakini hazikuwa na neno. Multimita ya tarakimu nayo ilinionyesha namba nzuri tupu, kwa kuwa hitilafu ya kufumba na kufumbua huipita kabla haijabadilisha namba. Ndipo nikachukua mita ya zamani ya mshale, nikafungua kilango kwa mkono, polepole sana. Mshale ulianza kupanda vizuri, na ulipovuka kidogo tu pale kilango kinapoanza kufunguka, ukaanguka hadi sifuri, ukarudi, ukaendelea na safari yake kana kwamba hakuna kilichotokea.

Kilichoniuma ni mahali penyewe. Hapo ndipo mguu wangu hukaa kila siku kwenye foleni, nikisogea hatua moja na kusimama. Utepe umelika mahali hapo pekee. Sehemu iliyobaki, ile ya mwendo kasi niliyoilipia siku nilipolinunua gari, bado ni mpya kabisa.

Kubadilisha kulihitaji kufungua skrubu mbili, kisha kuigeuza sensa mpya kidogo kidogo hadi volti ya kilango kilichofungwa ikakaa mahali pake. Gari likatulia. Jana nilipita mbele ya gereji ya yule fundi wa kwanza, akasikiliza mlio, akafumba macho tena, akaniambia kwa furaha kwamba zile plagi zake hatimaye zimezoeana na injini.