Mathenge haukuletwa na ukame

Mwandishi mmoja anasema mabadiliko ya tabianchi ndiyo yanayoeneza mathenge, mti wa miiba wa kigeni, huko Baringo, Kenya. Hapo kasema nusu tu. Mti huu ulipandwa miaka ya 1980 kwa mradi, eti uzuie jangwa. Tabianchi imeupa mbio: ukame ukikausha nyasi, wenyewe unabaki kijani kibichi kwa sababu mizizi inafuata maji chini kabisa. Mbuzi wenye njaa wanakula maganda yake matamu, meno yanaoza, na mbegu zinatoka na kinyesi zikiwa nzima. Mafuriko nayo yanazisomba hadi malisho mapya. Na wakazi wa Baringo waliompeleka mbuzi kibogoyo mahakamani Nairobi kuonyesha madhara ya mti huu, tuliwacheka! Sasa wapewe pesa za kung'oa visiki, si warsha nyingine hotelini.