Mtoto wa kuasili kutoka ng'ambo: punguza vitabu kwanza

Kumsomesha nyumbani mtoto aliyeasiliwa nchi nyingine ni jambo zuri kwa mwaka wa kwanza, pengine miwili. Huharibika pale mzazi anapoigeuza sebule kuwa darasa la Gredi ya 3, kengele na yote. Hapa Malindi, ambako baba anaweza kuwa Mtaliano, mama Mgiriama na mtoto katoka India, lugha ndiyo kazi yenyewe, na vitabu vifuate nyuma.

Kosa la kawaida ni kudanganywa na Kiswahili cha uwanjani. Baada ya miezi michache mtoto anatania, anabishana mpirani, anaagiza viazi karai bila kusita. Mzazi anasema basi, huyu ameiva. Jim Cummins, mtafiti wa lugha wa Canada, alieleza kwamba lugha ya mazungumzo huja ndani ya miaka miwili hivi, lakini ile ya kusomea huchukua mitano hadi saba. Kuipima hiyo ya kusomea ni rahisi. Mpe hesabu ya maneno: mchuuzi ana maembe 48, akauza robo, yaliyobaki akawagawia watu 9 sawasawa. Akikwama, mwandikie namba tupu: 48 toa 12, gawanya kwa 9. Akipata 4 papo hapo, usimrudishe darasa la chini; hesabu anaijua, kilichomshinda ni "yaliyobaki" na "sawasawa".

Na usimuulize "umeelewa?" Mtoto aliyelelewa kwenye makao ya watoto, akipita mikononi mwa walezi wengi, amejifunza kuitikia "ndiyo" ili asiudhi mtu. Sema "nionyeshe". Vipindi vitatu vya dakika 20 vinamtosha wa miaka minane, mtu yuleyule, saa zilezile. Akikosea, kumtoa chumbani ni adhabu mbaya kuliko inavyoonekana, kwa sababu yeye anaisikia kama kuachwa tena. Hesabu zinazoleta ugomvi mpe mtu mwingine azifundishe, mama abaki mama.

Lugha aliyokuja nayo isikatwe. Mwaka 2003 watafiti wa Ufaransa waliwapima watu wazima walioasiliwa Korea wakiwa wadogo: Kikorea hawakukitambua tofauti na lugha nyingine ngeni. Utafiti wa Montreal wa 2014, kwa wasichana walioasiliwa China, ulionyesha kwamba ubongo bado ulikuwa na alama ya Kichina hata pale msichana hakumbuki neno. Kwa hiyo mrekodi mapema, wiki za mwanzo kabisa: ataje vitu, ahesabu, asimulie siku yake. Kisha tafuta msemaji wa lugha hiyo wa kuzungumza naye kwa simu mara tatu kwa wiki. Mpe pia maandishi ya kwao. Anayesoma Kihindi kwa herufi zake anajua tayari kusoma ni nini, anahitaji herufi mpya tu. Asiyesoma lugha yoyote aanze na Kiswahili, ba be bi bo bu, hata kama mezani mnaongea Kitaliano. Lakini msianzishe maandishi ya lugha hizo mbili pamoja. Kitaliano husoma "ch" kama "k", na mtoto atakuambia anataka "kai". Acha miezi minne katikati.

Sayansi, pwani yenyewe inatosha. Aandike saa ya maji kujaa na pale yanapofika, kwa siku 15 mfululizo. Ataona yanachelewa takriban dakika 50 kila siku, na atagundua mwenyewe kwamba bamvua, yaani maji kujaa na kupwa kupita kawaida, huja na mwezi mwandamo na mwezi mpevu. Humo mna grafu, kutoa, wastani na msamiati wa mwaka mzima.

Halafu makaratasi, ambayo wazazi huyapuuza hadi yawachome. Ethiopia ilifunga uasili wa wageni mwaka 2018, na watoto waliotoka huko kabla ya hapo sasa wamefikia umri wa mitihani. Kalenda ya Ethiopia iko nyuma ya yetu miaka 7 kuanzia Septemba hadi Desemba, na 8 kuanzia Januari hadi mapema Septemba. Karani aliyejumlisha 8 kwa kila cheti cha kuzaliwa amempunguzia mwaka mzima mtoto aliyezaliwa kati ya katikati ya Septemba na Desemba. Linganisheni cheti cha asili, tafsiri na pasipoti, mwezi kwa mwezi, kabla ya kujaza fomu yoyote.

Sheria ya Elimu ya Msingi ya 2013 inamtaka mzazi wa mtoto anayeishi Kenya ampeleke shule. Sebule isiyo na shule nyuma yake ni hatari, kwani tathmini za Gredi ya 6 na ya 9 mtoto husajiliwa kupitia shule. Tafuteni mapema mwalimu mkuu aliye tayari kumpokea kidogo kidogo, kwa kuanzia na michezo na sanaa, na makubaliano hayo yawe kwa maandishi, nakala moja ofisi ya elimu.