Harusi Wasiyoalikwa

Alasiri ya tarehe 29 Julai, nilipokuwa nikigawa chai katika nyumba ya wazee ninakofanya kazi hapa Kent, Uingereza, bibi mmoja mwenye umri wa miaka 84 aliniuliza leo ni tarehe ngapi. Nilipomjibu aliweka kikombe mezani, akawageukia wenzake watatu na kusema, "Siku kama ya leo nilikuwa Ludgate Hill." Hakuna aliyemuuliza alikuwa akifanya nini huko. Wote walijua kwamba anazungumzia Jumatano ya mwaka 1981, siku Charles, mrithi wa ufalme wa Uingereza, alipomwoa Diana katika Kanisa Kuu la Mtakatifu Paulo, na kwa saa nzima iliyofuata chai ilipoa vikombeni huku mabibi wanne wakisimulia harusi ambayo hata mmoja wao hakualikwa.

Wa kwanza alikuwa amelala kando ya barabara hiyo ya Ludgate Hill, jijini London, usiku kucha, akiwa na blanketi na chupa ya chai, ili asubuhi aone gari la farasi lenye vioo likipanda kuelekea kanisani. Anasema alimwona bibi harusi kwa muda usiozidi pumzi tatu, naye hajausahau uso ule. Wa pili alikuwa fundi cherehani, na siku ile alikuwa nyumbani akitazama televisheni. Yeye hukumbuka gauni tu: hariri ya rangi ya pembe za ndovu, yenye mkia wa zaidi ya mita 7, iliyobanwa pamoja na baba wa bibi harusi ndani ya gari dogo, na iliposhuka ikawa imejikunja mikunjo mbele ya dunia nzima. Alinionyesha kwa mikono yake jinsi ambavyo angeikunja yeye ili isiharibike. Wa tatu alikuwa wodini, amejifungua siku mbili kabla, nao wauguzi waliwaletea televisheni katikati ya vitanda. Anachokumbuka yeye ni yule baba, Earl Spencer, aliyekuwa amepatwa na kiharusi mwaka 1978, akitembea taratibu sana huku binti yake akimshika mkono, hata ikawa vigumu kujua ni nani anayemsindikiza mwenzake. Wa nne, ambaye mumewe alifanya kazi na jeshi la majini hapa Chatham, anajivunia keki, kwa kuwa keki rasmi ilitengenezwa na waokaji wa jeshi hilo papa hapa Chatham kwa majuma 14, nao walitengeneza mbili zinazofanana ili moja ikipata ajali nyingine iwepo.

Walibishana pia. Mmoja alisema bibi harusi alikosea jina la mumewe kwa kuanza na Philip badala ya Charles, mwingine akasema hapana, aliyekosea ni bwana harusi. Ukweli ni kwamba wote wawili walikosea: bibi harusi aliyapindua majina, na bwana harusi akaahidi kushirikiana mali za mkewe badala ya mali zake mwenyewe. Kisha bibi wa kwanza akaniomba nimletee mkebe wa biskuti ulio juu ya kabati lake. Kifuniko chake kina picha za maharusi, na ndani mlikuwa na gazeti la siku iliyofuata, sarafu ya ukumbusho na kitambaa cha karatasi alichofutia mikono katika karamu ya mtaani kwao. Vitu hivyo havina thamani ya kununulia hata mfuko wa mchele, lakini vimehama naye nyumba nne.

Ndipo fundi cherehani aliponiuliza, "Na wazazi wako walioana lini?" Nikamwambia mwaka 1981. Walifurahi kama watoto. Mwaka uleule! Mwezi gani? Mama yako alivaa nini? Mvua ilinyesha? Walikula nini? Nami nilisimama pale na birika mkononi nikiwa sina jibu hata moja, kwa kuwa sikuwa nikijua. Baba husema ilikuwa Oktoba, baba mdogo husema ilikuwa baada ya Krismasi, na marehemu mama hatupo naye tena kumuuliza. Picha iliyokuwepo iliazimwa na mtu ili akaisafishe mjini, haikurudi.

Tangu siku hiyo jambo hili linaniuma, nami nitalisema wazi hata kama najua nitakavyojibiwa. Wanawake hawa wanaijua harusi ya watu wasiowajua kwa saa na kwa rangi. Mimi siijui harusi iliyonileta duniani. Na ninapowauliza rafiki zangu wa rika langu, kuanzia Tanga hadi Mwanza, wengi wao wako kama mimi.

Dada yangu mkubwa, nilipompigia simu, hakunipa nafasi ya kumaliza. "Wewe mdogo wangu, umeanza. Umekaa kwa wazungu miaka michache, sasa kila cha kwetu kina kasoro." Nampenda na kumheshimu dada yangu, lakini hapa sikubaliani naye. Sijasema kwamba harusi zao ni bora kuliko zetu, na mtu yeyote aliyekaa huku anajua kwamba haiwezekani kusema hivyo. Siku ile ya mwaka 1981 watu wapatao 600,000 walijipanga barabarani, na waalikwa waliokuwa kanisani walikuwa kama 3,500 tu. Waliobaki walisimama nyuma ya vizuizi, wakala mikate waliyotoka nayo nyumbani. Kwetu mpita njia akisikia ngoma anaingia, anaoshwa mikono, anapewa sahani ya pilau, na hakuna anayemuuliza yeye ni wa upande gani. Majirani ndio wanaomenya vitunguu tangu usiku, ndio wanaoazima masufuria, ndio wanaopiga vigelegele. Hilo sitalibadilisha kwa gari lolote la vioo, na nimewaeleza mabibi wale mara nyingi hadi mmoja wao akasema angependa kuolewa tena kwetu Muheza, mkoani Tanga.

Ninachouliza ni kingine. Baada ya pilau kuliwa, tunabakiwa na nini? Sote tunajua jinsi kamati zetu za harusi zinavyofanya kazi. Mweka hazina ana orodha ambayo haikosi jina hata moja: nani ameahidi, nani amelipa nusu, nani amechukua kadi ya watu wawili akalipia mtu mmoja, nani aliondoka kwenye kundi la WhatsApp kabla ya kikao cha tatu. Orodha ile hutunzwa kwa uaminifu, na miaka kumi baadaye mtu anaweza kukumbushwa ahadi ya shilingi 50,000 mbele ya wageni. Basi kuweka kumbukumbu tunaweza, na tunaweza sana. Iweje tukumbuke nani hakuchanga, tusikumbuke bibi harusi alilia wakati gani, wimbo gani uliwainua wazee vitini, nani alisimamia jikoni mpaka saa nane usiku? Linaloniudhi zaidi ni kwamba wapigapicha wanalipwa fedha nyingi, watu wanasimamishwa juani kwa saa mbili ili wapigwe picha, na mwaka ukiisha picha zimo ndani ya simu iliyoibwa.

Wako watakaosema kwamba ninawasifu wakoloni. Mimi si mpenzi wa ufalme, na historia ninaifahamu. Elizabeth, mama yake Charles, alipoolewa na Philip tarehe 20 Novemba 1947, Koloni la Kenya lilimpa nyumba ya Sagana, chini ya Mlima Kenya, kuwa zawadi ya harusi, na Wakenya ambao zawadi ile ilitolewa kwa jina la nchi yao hawakuulizwa. Akiwa huko, mwezi Februari mwaka 1952, ndiko alikopata habari ya kifo cha baba yake na kuwa malkia. Baada ya uhuru nyumba ile ilirudi mikononi mwa serikali ya Kenya, na ni haki kabisa. Kwa hiyo harusi hizi hazikupita mbali nasi kama wengine wanavyodhani. Hata pete ya yakuti samawi aliyovaa Diana ndiyo mwanawe William alimvisha mchumba wake Kate nchini Kenya mwezi Oktoba mwaka 2010. Lakini kuujua ubaya wa mtu hakunizuii kuona jambo moja jema analolitenda nyumbani kwake.

Wengine watasema, tena kwa kejeli, kwamba ndoa yenyewe ilivunjika. Ndiyo, walitengana mwaka 1992, wakapeana talaka mwezi Agosti mwaka 1996, na mwaka mmoja baadaye Diana akafa Paris. Mabibi wangu wanalijua hilo kuliko mimi. Bibi wa mkebe aliniambia kwamba siku ya mazishi alitaka kuutupa, akashindwa, kwa kuwa asubuhi ile ya Ludgate Hill haikuwa ya Charles wala ya Diana peke yao. Ilikuwa yake pia. Alikuwa na miaka 41, alikuwa pamoja na dada yake ambaye sasa ni marehemu, na blanketi lile walijifunika wawili. Niliposikia hivyo nilielewa kwamba nilichokuwa nikikisikiliza tangu mwanzo si habari za ikulu. Kila mmoja wao alikuwa anatunza siku ya maisha yake mwenyewe, na harusi ile ndiyo kigingi walichoifungia.

Nao watakaosema kwamba wenzetu wana fedha na sisi mwaka ule hatukuwa na chochote, hao nawaheshimu zaidi, kwa sababu wanasema kweli. Mwaka 1981 ulikuwa vile tunavyoujua. Inasemekana watu wapatao milioni 750 duniani waliitazama harusi ile, lakini Tanzania Bara haikuwa hata na kituo cha televisheni, na waliokuwa kwenye foleni ya sabuni hawakuwa na habari ya hariri ya mtu. Hata hivyo, dhiki haifuti kumbukumbu. Mwaka 1947 Waingereza wenyewe walikuwa wanagawiwa nguo kwa kuponi, na wanawake wengi walimtumia Elizabeth kuponi zao ili apate kitambaa cha gauni, nazo zikarudishwa kwa kuwa sheria haikuruhusu kumpa mwingine. Habari hiyo ya kuponi ndiyo inayosimuliwa mpaka leo kwa upendo mkubwa kuliko habari za lulu zilizoshonwa kwenye gauni lile.

Kwa hiyo Jumapili iliyopita nilimpigia simu shangazi, Muheza. Nilimwamkia, nikamuuliza hali ya miguu yake, kisha nikamwambia, "Shangazi, nisimulie harusi ya baba na mama." Alinyamaza kidogo. Akasema, "Mwanangu, mbona hamkuuliza siku zote hizi?"

Ilikuwa Novemba, Jumamosi ya pili, wala si Oktoba wala baada ya Krismasi. Anaikumbuka kwa sababu mvua za vuli zilikuwa zimeanza. Sukari haikupatikana duka la ushirika kwa mwezi mzima, basi bibi akazunguka nyumba kwa nyumba, na kila mama akatoa kikombe kimoja alichokuwa amekificha kwa ajili ya uji wa watoto, kikiwa kimefungwa kwenye karatasi. Shangazi aliwataja wale wanawake mmoja mmoja, pamoja na wawili waliotoa nusu kikombe na yule aliyetoa vikombe viwili, nami nikawaandika nyuma ya ratiba yangu ya kazi hadi nafasi ikaisha. Gauni lilikuwa la kuazima. Lilikuwa limekwisha kuozeshea mabibi harusi watatu kabla ya mama, na kwa kuwa mama alikuwa mfupi walilikunja chini na kulibana kwa pini. Wakati wa kutoka kanisani mvua ilishuka. Wasichana wawili walilishika gauni pande zote mbili, shangazi akiwa mmoja wao, lakini njia ile ni ya udongo mwekundu na pini zilifyatuka, pindo likaburuzika hadi nyumbani.

Nilimuuliza mama alifanya nini alipoona gauni la watu limechafuka. Shangazi alicheka kwa sauti ambayo sijaisikia tangu msiba wa mama. Alisema mama alilia kidogo, kisha akalivua, akavaa kanga, akaenda kucheza. Wao wasichana ndio walioamka Jumapili alfajiri kulifua, na kwa kuwa sabuni haikuwepo walitwanga majani ya mpapai, wakasugua lile pindo mpaka vidole vikachubuka, wakalianika kwenye ua na kukaa chini yake kulilinda lisidondokewe na kitu, maana Jumamosi iliyofuata alikuwepo mwingine wa kuolewa nalo.