Utalii wa Miwani kwa Mahali Pasipostahimili Wageni

Wauzaji wa teknolojia ya uhalisia pepe, yaani miwani inayomzungushia mtu picha za mahali asipokuwapo kana kwamba yupo, wamezoea kutuahidi kwamba siku si nyingi mtu ataweza kuizunguka dunia akiwa amekaa kitini pake. Ahadi hiyo siiamini. Msafiri hafuati picha peke yake. Hufuata pia joto, harufu, uchovu wa njiani na mazungumzo na watu asiowajua. Miwani huteka macho na masikio tu, na hata hayo mara nyingine huyateka vibaya, kwani macho yanapouarifu ubongo kwamba mwili unatembea ilhali sikio la ndani linashuhudia kwamba umetulia, wengi hushikwa na kichefuchefu. Hata hivyo, kuna mahali ambapo teknolojia hii naitetea bila kusita, napo ni pale ambapo mgeni mwenyewe ndiye hatari.

Pango la Lascaux, kusini-magharibi mwa Ufaransa, liligunduliwa mwaka 1940 likiwa na michoro ya wanyama inayokadiriwa kuwa na umri wa miaka 17,000. Lilifunguliwa kwa umma mwaka 1948, na miaka 15 tu ikatosha kulidhuru: pumzi za wageni zilijaza pango hewa ya ukaa na unyevu, mwani wa kijani ukaota ukutani, na mwaka 1963 serikali ikalifunga. Hakuna aliyekwenda pale kwa nia mbaya. Watu walipumua tu. Nakala ya kwanza ya pango hilo ilifunguliwa mwaka 1983, na nyingine iliyo kamili zaidi mwaka 2016. Kaburi la Malkia Nefertari huko Luxor, Misri, lina mkasa unaofanana na huo. Chumvi iliyomo ndani ya mwamba ilisukumwa nje na unyevu, ikaibandua plasta yenye michoro, na baada ya kazi kubwa ya uhifadhi iliyokamilika mwaka 1992, wageni waliruhusiwa kwa idadi ndogo na kwa dakika chache. Toleo la uhalisia pepe la kaburi hilo, lililotoka mwaka 2018 na kujengwa kutokana na picha na vipimo vya leza, humruhusu mtu kuitazama dari yenye nyota kwa muda autakao. Hapo miwani haishindani na safari, bali inatoa kile ambacho mahali penyewe hapawezi tena kukitoa.

Uhalisia ulioboreshwa, yaani ule unaoongeza picha juu ya kile tunachokiona kupitia kamera ya simu, naupenda zaidi kwa sababu moja: unamlazimu mtu kufika. Ukielekeza simu kwenye magofu, paa lililoanguka karne nyingi zilizopita hurudi juu ya nguzo zake. Lakini hapa pana udanganyifu ambao watalii wengi hawautambui. Mwanaakiolojia anaweza kuwa na uhakika kuhusu msingi wa jengo, akawa na dhana tu kuhusu urefu wa kuta, na asijue lolote kuhusu rangi zake, ila kompyuta huyachora yote matatu kwa ung'avu uleule. Mwongozo wa kimataifa uitwao London Charter, uliotokana na mjadala wa wataalamu mwaka 2006, unataka ushahidi na dhana vitofautishwe waziwazi, na ningefurahi kuona kila programu ya kitalii ikionyesha sehemu za kubuni kwa rangi hafifu. Je, picha ingependeza zaidi? La, ingependeza pungufu, lakini ingekuwa ya kweli. Tena si kila mahali panahitaji nyongeza: mwaka 2016 jumba la makumbusho la Auschwitz, iliyokuwa kambi ya mauaji ya Wanazi, lililazimika kuwaomba wageni wasicheze Pokémon Go, mchezo wa simu unaoweka viumbe vya kubuni juu ya mandhari halisi, ndani ya eneo lake.

Linalonisumbua zaidi, na ambalo matangazo hayaligusi, ni nani anayebaki na vipimo. Mwanahistoria wa sanaa Andrew Tallon alilipima kwa leza kanisa la Notre-Dame la Paris miaka kadhaa kabla ya moto wa Aprili 2019, na kazi yake iliwafaa wasanifu wa urejeshaji kwa kuwa ilikuwa imehifadhiwa na ikapatikana. Kwa upande mwingine, Google Expeditions, iliyowapeleka wanafunzi katika safari pepe tangu mwaka 2015, ilifungwa mwaka 2021 kwa uamuzi wa kampuni yenyewe. Kwa hiyo mamlaka inayoruhusu pango au kaburi kupimwa ingepaswa kudai, kabla ya mashine ya kwanza kuingizwa, kwamba nakala kamili ya data ghafi ibaki mikononi mwake katika muundo unaosomeka bila programu ya mtengenezaji, na kwamba sehemu ya mapato ya toleo pepe iende kwenye matunzo ya mahali halisi, kwa sababu mgeni wa miwani halipi kiingilio langoni.