Ongea na Meneja

Ndugu zangu, mimi ni mkurugenzi mtendaji. Nalisema mapema kwa sababu hapa Mwanjelwa, Mbeya, nimelisema mpaka nimechoka, na bado mama mwenye nyumba akipata wageni ananitambulisha kama "yule kijana wa chumba cha uani, anatafuta kazi". Kampuni ninayo. Jina nimelisajili BRELA, wale wa usajili wa biashara, kwa mtandao, cheti nimekichapa na kukibandika ukutani juu ya jiko la gesi. Jina lenyewe silitaji hapa. Kuna watu ninaowadai na kuna watu wanaonidai, na hawa wa pili ndio wanaopenda kusoma.

Wazo lilinijia kwenye chipsi. Nilikuwa Kabwe usiku, nasubiri chipsi mayai, muuzaji analia kwamba viazi vimepanda bei na anayesababisha ni dalali. Jumamosi yake nikaenda msibani Isyonje, huko juu barabara ya Tukuyu, nikamkuta mkulima naye analia kwamba viazi havina bei, anayesababisha ni dalali. Kutoka Isyonje hadi Kabwe ni gari moja tu, unasinzia kidogo umefika. Nikajiambia: hapa katikati kuna mtu anakula pande zote mbili. Nikimtoa kwa programu ya simu, mkulima atafurahi, muuza chipsi atafurahi, na mimi nitabaki na kaasilimia kangu. Nikaacha kazi ya kutoa kopi na kulaminisha vyeti vya watu.

Programu niliiandika miezi sita, mwezi wa saba ukiwemo, na anayeijua Mbeya ya mwezi wa saba anajua maana yake. Nilikuwa naandika nimejifunika blanketi, vidole viwili vikiwa nje kama konokono. Umeme ukikatika nabeba laptopu hadi kwa kinyozi mwenye sola, naandika huku nywele za watu zinaangukia kibodi.

Nikazindua. Kwenye programu niliweka kisanduku kimoja kikubwa kizuri: IDADI YA MAGUNIA. Hapo ndipo nilipogundua kwamba nimesoma kompyuta, sikusoma gunia.

Sheria ya vipimo inasema gunia lisizidi kilo 100. Sawa kabisa, serikali haijakosea. Lakini gunia nililolikuta kule juu lilikuwa na mwili na lilikuwa na kichwa, na kichwa kimefungwa kamba kama mtoto aliyevalishwa kofia ya baridi. Hiyo ndiyo lumbesa. Mteja wangu wa kwanza aliagiza gunia 1, nikamletea la kisheria, kilo mia juu ya mizani. Akalizunguka mara mbili. Akauliza, "Kichwa kiko wapi?" Akaniita mwizi. Wiki iliyofuata nikamwomba mkulima aongeze kichwa kidogo tu, cha ustaarabu. Mkulima akaniita mwizi. Mtu mmoja, mwizi pande zote mbili, na hela sijaiona.

Nikaongeza kisanduku cha KILO. Wakulima hawana mizani. Nikaongeza DEBE. Wauza chipsi wa mtaji mdogo wakasema wao wananunua kwa kopo la sado. Nikaongeza SADO, wakauliza sado ya kusawazisha au ya kilima. Leo programu ina vipimo sita, na agizo la juzi mteja ameviacha vyote, ameandika chini kwenye maoni: "Liwe kama lile la siku ile ya mvua."

Halafu simu. Mkulima wangu mkubwa ana kitochi. Chaji inakaa wiki, tochi inamulika hadi Tukuyu, ila programu yangu haiingii. Wenye simu za kupangusa wana bando la WhatsApp peke yake. Kwa hiyo mama wa chipsi ananipigia, mimi naingiza agizo kwenye programu, programu inaniletea taarifa mimi kwamba kuna agizo, nashtuka, nalisoma, nampigia mkulima. Mfumo unafanya kazi vizuri sana, haujawahi kuanguka. Una mtumiaji mmoja.

Kwenye malipo ndiyo usiseme. Bei ni 60,000, mteja anatuma 60,000 kavu. Mkulima anasema, "Mwanangu, hukutuma na ya kutolea." Nani anaibeba? Mkurugenzi mtendaji. Natoza 2,000 kwa gunia. Ya kutolea ikitoka, vocha ikitoka, bodaboda ya kutoka lami hadi shambani ikitoka, nabaki na salamu za nyumbani.

Nikasema labda nakosea, ngoja nisome waliofanikiwa. Nikamkuta Paul Graham, mmoja wa walioanzisha Y Combinator, wale wanaolea na kuzipa mtaji kampuni changa kule Marekani, mwaka 2006 aliorodhesha makosa 18 yanayoua kampuni changa. Kosa namba moja: kuanzisha peke yako. Namba moja, jamani! Sikufika hata la pili, nilikuwa nimeshakufa. Nikaanza kutafuta mwenzangu. Shemeji alikubali kwa sharti awe mwenyekiti na alipwe posho za vikao. Rafiki yangu wa chuo aliuliza, "Mtaji upo?" Nikamwambia upo njiani. Akasema, "Ukifika nishtue, mwaisa." Bado sijamshtua.

Nikasoma tena kwamba wale wa Airbnb, wanaopangishia wageni nyumba za watu kwa mtandao, walipokuwa wadogo, walienda New York kupiga picha nyumba za wateja wao mlango kwa mlango. Ikanitia moyo. Nikapanda Isyonje kwenye ukungu kupiga picha viazi. Picha arobaini, zote zina ukungu, na kwenye moja kuna ng'ombe. Wao leo ni kampuni ya mabilioni ya dola, mimi nilirudi na kikohozi na kiatu kimoja. Kingine kiko kwenye tope la shamba la mtu, na nadhani ameshakipanda.

Kwa vile mwenza sikumpata, nikaamua kuwa wengi. Ujumbe wangu wote unasema "sisi". "Timu yetu inalishughulikia." "Idara ya usafirishaji itakupigia." Idara ya usafirishaji ni mimi nikiwa nimesimama. Siku moja mama mmoja wa Mafiati akapiga, amewaka: viazi vimekuja vya kijani, anataka meneja, hataki kuongea na vijana. Nikamwambia, "Shikamoo mama, subiri kidogo, namwita." Nikakaa sekunde kumi, nikashusha sauti hadi tumboni, nikaanza, "Naam, ofisi ya meneja hapa."

Jogoo wa mama mwenye nyumba akawika.

Mama akanyamaza. Akasema, "Huyo jogoo si ndiye aliyekuwa anawika kwa yule kijana?" Nikamwambia ofisi zetu ziko jengo moja. Akasema, "Baba, na mafua yenu pia ni ya jengo moja?" Nikamrudishia hela yake, na ya kutolea juu. Tangu siku hiyo akipiga anaanza na, "Hujambo meneja, jogoo anaendeleaje?" Ndiye mteja wangu mwaminifu kuliko wote, sijui kwa nini.

Nane Nane pale viwanja vya John Mwakangale nilikwenda pia. Watu walichukua kalamu zangu zote za bure, wakauliza kama natoa ajira.

Lakini aliyenimaliza ni dalali mwenyewe. Alinipigia bila hasira hata kidogo, akaniita mdogo wangu, akaninunulia chai. "Mdogo wangu, unashangaa kwa nini wakulima wanakupa gunia mojamoja? Mbolea ya kupandia nani aliwakopesha? Mimi. Mtoto akirudishwa shule ada, wanampigia nani? Mimi. Kwenye ule msiba wa Isyonje uliokwenda kula ukapata wazo, jeneza alilipa nani?" Nikaweka kikombe chini. Mimi kwenye programu niliweka kitufe cha UZA na kitufe cha NUNUA. Kitufe cha jeneza sikukifikiria.

Nikabadilika. Mkulima mmoja nikamkopesha mifuko miwili ya mbolea, kwa hela ya kodi ya chumba. Mwingine nikamtumia 30,000 ya hospitali. Nikaanza kuhudhuria misiba kwa ratiba. Viazi vikaanza kuja, magunia kumi, kumi na tano kwa safari, nikapanda Fuso mbele na dereva. Programu nimekuwa nasahau kuifungua. Nina daftari. Wiki iliyopita nashuka Isyonje, watoto wakaniona kwa mbali, wakakimbia nyumbani wakipiga kelele kwa furaha, "Dalali amekuja! Dalali amekuja!"

Jana nimepigiwa simu na kijana wa chuo kule Iyunga, ana adabu sana, shikamoo mbili. Anasema anatengeneza programu ya kuwaondoa madalali wa viazi, ameelekezwa kwangu kama dalali mzoefu, angependa kunihoji.

Nikamwambia asubiri, nimpe meneja. Nikashusha sauti hadi tumboni. Jogoo akawika.