Yanawahusu sana

Mwandishi mmoja wa makala amesema wanafunzi wanaoandamana kudai wafanya usafi wa chuo walipwe vizuri wanajiingiza yasiyowahusu, warudi darasani. Naomba kumpinga.

Nilipokuwa chuoni, korido ya bweni letu ilidekiwa na mama mmoja mtu mzima. Saa kumi na moja alfajiri tulishasikia ndoo yake. Glavu zake zilikuwa zimetoboka vidole viwili, akavifunga kwa nailoni ya mkate, maana akipewa mpya anakatwa kwenye mshahara. Tulimwamkia shikamoo kila siku, na mwisho wa mwezi alikuja kukopa nauli kwetu sisi tunaosubiri bumu, ile fedha ya mkopo wa wanafunzi!

Ukiuliza uongozi, jibu ni lile lile: kaulizeni kampuni yenye zabuni ya usafi, ndiyo iliyowaajiri. Hapo ndipo penye kidonda. Chuo Kikuu cha Cape Town kiliwapa makampuni kazi hizi mwaka 1999, na kwa miaka mingi wafanyakazi walilalamika bila kusikilizwa. Oktoba 2015 wanafunzi wa Afrika Kusini waliingia barabarani kupinga ada, wakalibeba na dai la wafagiaji, walinzi na wapishi. Mwezi huo huo uongozi wa Cape Town ukasaini kuwarudisha kwenye ajira ya chuo chenyewe.

Kwa hiyo tusiwaambie vijana wanyamaze. Yule mama asingethubutu kugoma, kesho yake angeambiwa asirudi. Sisi tuliweza kusema kwa niaba yake, tukanyamaza miaka mitatu. Mpaka leo linaniuma.