Mwachieni mzee simu yake, hata akihangaika nayo

Mama ameshika simu, anatafuta picha ya mjukuu aliyotumiwa jana. Anabonyeza hapa, anarudi nyuma, anafungua kitu kingine kabisa, anaguna. Kabla hajajaribu mara ya tatu, mwanawe ananyoosha mkono: "Lete, mama, nikufanyie." Picha inapatikana papo hapo na kila mtu anaridhika. Nami nimenyoosha mkono hivyo mara nyingi. Siku hizi najizuia.

Wanaoona intaneti ni hatari kwa afya ya mzee hawasemi ovyo. Mzee aliyezama kwenye simu hukaa kitini kutwa, usiku usingizi unampaa, humeza habari za dawa za uongo, na matapeli wanamwinda. Juu ya hayo iko nadharia iliyoenea tangu mwaka 2012, pale daktari wa magonjwa ya akili wa Ujerumani, Manfred Spitzer, alipoivalia njuga: kwamba vifaa vya kidijitali vinaudumaza ubongo, kwa kuwa vinakumbuka na kufikiri kwa niaba yetu.

Kama ni kweli, kizazi cha kwanza kilichotumia vifaa hivi kimeshafika uzeeni, na madhara yangekuwa yameanza kuonekana. Ndivyo walivyowaza watafiti wawili wa Texas, Jared Benge na Michael Scullin. Mwaka 2025 walitoa uchambuzi uliojumlisha tafiti 57 zenye watu zaidi ya 411,000, wastani wa umri wao ukikaribia miaka 69. Wanaotumia teknolojia za kidijitali walionekana kuwa na uwezekano mdogo wa kudhoofika akili, kwa asilimia 58.

Takwimu hiyo imerudiwa sana, tena mara nyingi imesomwa vibaya, kwa hiyo tuikalie kidogo. Haisemi kwamba wagonjwa wanapungua kwa asilimia 58. Kinachopimwa pale ni uwiano kati ya walio na tatizo na wasio nalo. Tuchukue mfano wa kubuni: katika watu 100 wasiotumia teknolojia, 40 wana matatizo ya kumbukumbu na 60 hawana. Uwiano huo ukishuka kwa asilimia 58, katika watumiaji 100 wenye matatizo watakuwa kama 22. Anayekokotoa harakaharaka atasema 17. Hata hivyo, 22 dhidi ya 40 ni pengo ambalo mtu hawezi kulipuuza.

Linalonisumbua zaidi ni kipi kilitangulia. Mtu anayeanza kusahau huiweka simu pembeni mapema: nywila zinampotea, programu ikibadilishwa sura haitambui tena, anakata tamaa. Hapo si simu iliyomlinda asisahau, bali kusahau ndiko kulikomwondoa kwenye simu. Tena watumiaji wengi wamesoma na wana kipato, na mambo hayo yenyewe yanaukinga ubongo. Benge na Scullin waliona kwamba tofauti ilibaki hata baada ya kuzingatia elimu, kipato na hali ya afya. Utafiti mwingine, wa Chuo Kikuu cha New York, uliotoka mwaka 2023, ulianza na Wamarekani 18,154 wa kati ya miaka 50 na 65 ambao hakuna hata mmoja aliyekuwa na dimenshia, yaani kudhoofika kwa kumbukumbu na akili hadi mtu ashindwe kujitegemea. Wengine walifuatiliwa hadi miaka 17. Wale waliotumia intaneti mara kwa mara hatari yao ilikuwa karibu nusu ya wenzao.

Shaka haijaisha hapo, maana ugonjwa wa Alzheimer, unaosababisha dimenshia kuliko mwingine wowote, huanza kuuguguna ubongo miaka mingi kabla ya dalili. Wala hakuna atakayewagawa wazee kwa bahati nasibu, nusu wapewe intaneti na nusu wanyimwe kwa miaka ishirini, ili tupate jibu safi. Kwa hiyo sisemi kwamba intaneti inazuia dimenshia. Ila kama kweli inaudumaza ubongo wa mzee, alama yake ingekuwa imeonekana mahali fulani katika watu hawa laki nne, nayo haionekani. Mwelekeo wote uko upande wa pili.

Na sababu za kuamini kwamba sehemu ya manufaa hayo ni ya kweli zipo, na ya kwanza ni kule kuhangaika kwenyewe. Ubongo unanufaika na jambo jipya, gumu, lenye kukosea na kurudia. Kwa mtu wa miaka sabini, simu inayobadilika kila mara ni darasa lisiloisha. Anaguna kwa sababu anajifunza. Sisi tunauona mguno ule kama mateso, tunamnyang'anya zoezi katikati.

Kisha simu inamshika mkono pale kumbukumbu inapolegea. Kengele inamkumbusha dawa ya saa mbili usiku, ramani inamrudisha nyumbani, tarehe ya kliniki inajitokeza yenyewe. Wanaoogopa uvivu wa akili huliita hili udhaifu, lakini mtu anayemeza dawa zake kwa wakati na kwenda kliniki bila kusindikizwa ameendelea kujitegemea, na kwa mzee hiyo ni afya.

Na wako watu. Shirika la Afya Duniani lilieleza mwaka 2025 kwamba upweke unahusishwa na vifo takriban 871,000 kwa mwaka. Mwaka mmoja kabla yake, uchambuzi wa watu 87,559 wenye miaka 50 na zaidi katika nchi 23 ulikuta watumiaji wa intaneti wana dalili chache za sonona na wanaridhika zaidi na maisha. Mzee ambaye magoti hayamruhusu kutoka, na ambaye rafiki zake wengi wameshazikwa, akinyimwa simu, mtu wa kumsalimia asubuhi atatoka wapi?

Sisi tunaoutetea mtandao, hata hivyo, hatuna ruhusa ya kuruka ukurasa mmoja wa ule utafiti wa New York. Hatari ya chini kabisa ilikuwa kwa wanaotumia intaneti hadi saa mbili kwa siku. Kwa wanaokaa saa sita hadi nane ilielekea kupanda hata kuwazidi wasiotumia kabisa. Kundi hilo lilikuwa dogo, huwezi kulijengea hukumu, lakini linanitosha kusema kipimo kipo.

Utapeli ndio hoja nzito kuliko zote za upande ule. Marekani peke yake, watu wa miaka 60 na zaidi waliripoti kwa FBI, idara ya upelelezi ya nchi hiyo, hasara ya karibu dola bilioni 4.9 mwaka 2024. Fedha ni nusu ya madhara. Aibu inamkosesha mtu usingizi, inamfungia ndani, inamfanya ajione mjinga mbele ya watoto aliowalea. Familia nyingi hapo humnyang'anya mzee simu. Mzee jirani akiliona hilo, au akiwa ameshatishiwa hivyo nyumbani kwake, siku atakayotapeliwa hatasema. Atakaa na siri yake peke yake, na tapeli, akijua amekwishalipwa mara moja, atampigia tena.